Tulikuketisha Karibu na Moto, Mama Jokébed

Mwaka umezunguka, Mama Jokébed, tangu asubuhi ile ya mvua ulipotuomba tufungue mlango, nasi tukakataa kwa sababu ya baridi.

Tunaanzia hapo kwa kuwa ndipo mioyo yetu inaporudi kila siku. Ulikuwa umeketi kwenye kigoda chako, ndani ya jiko letu la Bulengera, mjini Butembo, blanketi mbili mabegani na moto wa mikaratusi mbele ya magoti. Ulisema, "Mufungue kidogo." Kanyere, binti yako wa kwanza, akakujibu, "Mama, baridi itakuua." Akashindilia gunia kwenye dirisha, akakusogeza karibu zaidi na moto. Kabla kengele ya misa ya pili haijalia, ulikuwa umeshatuacha.

Wengine huandika kwamba mama yao alilala kwa amani. Wewe hukulala kwa amani, na hatutaki kudanganya mbele ya watu wanaosoma haya. Ulikuwa unatafuta hewa. Tuliokunyima hewa hiyo ndio tuliokupenda kuliko wote.

Ulizaliwa Alimbongo, kule juu, ambako ukungu huingia nyumbani kama mgeni asiyebisha hodi. Huko mtoto hufundishwa kufunga mlango kabla hajafundishwa kusalimia. Baba yetu Muyisa, mchoma matofali, alipokuoa akakuleta Butembo, ulikuja na mafundisho hayo yote. Adui ni baridi, rafiki ni moto. Ulitulea hivyo watoto wote wanne, na hakuna hata mmoja aliyewahi kulia kwa baridi nyumbani mwako.

Kazi yako iliujaza mji. Nani katika kilima chetu aliyefunga ndoa bila sufuria zako? Nani aliyezikwa bila maharagi yako kuwashibisha waliokuja kulia? Ulikuwa unafika siku mbili kabla ya watu, unapanga kuni na kuonja sombe, yale majani ya muhogo, kwa kiganja cha mkono. Wachukuzi wa kuni uliwawekea ukoko wa chini ya sufuria, ukiufunika kwa jani la ndizi usipoe. Kila mtu kwako alikuwa "mwana wangu", hata maofisa. Tunakumbuka ndoa ile ambapo mwanajeshi mmoja, mgeni wa jimbo la mbali, alirudi mara tatu kuomba nyama. Ulimwangalia ukamwambia, "Mwana wangu, hapa ni ndoa, hapana vita. Nyama haitakimbia." Alicheka mpaka akakaa chini. Kisha akakusaidia kuosha sahani.

Ulikuwa na desturi moja ambayo watu wote waliipenda. Ukipanda kutoka sokoni, ulisimama kwenye kila ua. Unauliza habari ya mtoto, ya mbuzi, ya bibi mgonjwa. Njia ya dakika kumi ilikuchukua saa nzima. Tulijisifu kwa ajili hiyo. Mama yetu, tulisema, ana moyo wa watu. Ni kweli ulikuwa nao. Lakini sasa tunajua kwamba kwenye kila ua ulikuwa pia unashika mti wa uzio na kungoja pumzi irudi. Miaka sita ulituficha hivyo, Mama, kwa maamkizi.

Kikohozi hukuweza kukificha. Kilianza kama cha asubuhi tu, na makohozi kidogo, ukasema ni mavumbi ya kufagia. Kikahamia mchana. Mara tatu walikupima kifua kikuu, mara tatu wakasema hakimo, na bado majirani wawili wakaanza kukutengea kikombe chako. Uliendelea kuwapikia katika matanga yao.

Sisi tulifanya nini? Tulifanya yote tuliyofundishwa. Urbain, mwanao wa pili, alipanda ngazi na ndoo ya udongo akaziba kila tundu la jiko, hata ule upenyo wa chini ya bati ambako moshi ulikuwa unatoka. Tulimpigia makofi. Sadrack alikuletea kwa Noeli rundo kubwa la kuni za mikaratusi, mbichi bado, zinazotoa machozi. Yolande alishona gunia la dirisha lenye tabaka mbili. Na Kanyere, kila alipopanda kutoka Beni kukutembelea, alikagua kigoda chako kama kiko karibu kiasi cha kutosha. Nyumba nzima ilikuwa inakutunza. Hakuna mama katika Butembo aliyefungiwa moshi kwa upendo mwingi kama wewe.

Wiki mbili kabla ya siku ile, tulikupeleka kwa daktari Éliakim. Mjomba Syauswa, kaka yako, alikuja kama msemaji wa ukoo. Daktari aliuliza kama unavuta sigara, na mjomba akasimama.

"Docta, unamuuliza huyu? Mukristu wa misa ya kila siku? Ungeuliza bwana yake. Yeye ndiye tumbaku imemuoa."

"Papa, ninauliza kila mutu. Ikale tu. Mama, umepika na kuni miaka ngapi?"

Ulianza kuhesabu kwa vidole, ukaacha. "Tangu nilikuwa mutoto," ulisema. "Kuko mutu anapika na kitu ingine?"

Alikupa dawa ya kuvuta mdomoni kwa pompe, kile kichupa cha kupulizia, akaandika siku ya kurudi ili upulize kwenye mashine inayopima nguvu ya mapafu. Ilikuwa Alhamisi. Tulikuzika Jumanne. Ile Alhamisi Kanyere alichukua karatasi yako akaenda kuirudisha, kwa kuwa hakujua kitu kingine cha kufanya na mikono yake.

Daktari alimkalisha. Alimwambia ugonjwa huu hauji kwa siku moja. Hujengwa mwaka juu ya mwaka, kwa moshi wa kuni na makaa ndani ya nyumba iliyofungwa, kwa sigara na tumbaku, kwa mavumbi ya kazi, pengine kwa kifua kilichougua vibaya utotoni. Njia za hewa hubana, mapafu yanalegea kama mpira uliozeeka. Hauambukizi, wale wa kikombe walikuonea bure. Hauponi ukaisha, lakini ukijulikana mapema unaweza kupunguzwa mwendo, na mtu akaishi.

"Na baridi?" Kanyere aliuliza.

"Baridi inaweza kumusumbua mwenye kifua kibaya, ni kweli. Lakini moto ya kuni ndani ya jiko iliyofungwa, ile ndiyo ilikuwa inamumaliza."

Binti yako alitoka pale akavuka soko bila kuona mtu. Tangu siku hiyo hajui kutulia, Mama. Anasafisha sufuria iliyo safi. Anainuka mezani katikati ya chakula. Barabara ya Beni na Butembo imemzoea. Akiwa hapa anataka kuwa kule, akiwa kule anapiga simu hapa. Neno linalomchoma ni moja, na hulisema akiwa amegeuka upande: "Miye ndiye nilimusogeza."

Kisha alikuta jambo baya zaidi. Baba alikuwa amekaa kwenye kigoda chako.

Mzee Muyisa, ambaye katika ndoa ya miaka arobaini na mitatu hakuwahi kuingia jikoni ila kuomba kaa la kuwashia kiko chake, sasa alikuwa anashinda humo kutwa. Mlango umefungwa, gunia liko dirishani, kuni zile zile za Sadrack zinatoa moshi, na kiko mdomoni. Alikuwa anakohoa kikohozi tunachokijua. Kanyere alifungua mlango, Baba akaufunga.

"Papa, moshi ndiyo ilimuua Mama."

"Moshi? Miye ninavuta tumbaku tangu ujana, nimechoma matofali, niko. Yeye hakuvuta hata siku moja, akaenda. Unielezee."

"Docta alielezea."

"Docta hakulala naye chumba moja. Mama yenu alikuwa anaikala hapa. Na miye nitaikala hapa. Unataka kunipeleka wapi?"

Kanyere alisema basi ahamishe moto, ajenge mafiga nje, chini ya bati, penye hewa. Mjomba Syauswa alikuwepo, na unajua jinsi anavyolishika neno la wazee. Kwa ukoo wetu mafiga ya mke aliyekufa hayasogezwi mpaka mwaka utimie, kusudi asirudi akakuta nyumba yake imevunjwa.

"Hata jiwe moja," mjomba alisema. "Joto ya Beni imewayeyusha akili?"

"Na mwaka ikitimia tukute tunazika wawili, muyomba?"

"Tutazika kwa heshima."

Hakuna aliyecheka. Kanyere hakukubali. Alirudi tena, na tena, akiwa na maneno mapya kila mara. Siku moja Baba alichoka naye. Akatoa kiko mdomoni, akamgeukia.

"Wee unapika malewa kule Beni miaka ngapi?"

Kanyere ana kibanda cha chakula, malewa kama watu wanavyoita, katika komine ya Ruwenzori, sehemu ya mji wa Beni. Alikifungua yeye na mumewe Kamate walipolazimishwa na vita kuacha shamba lao la kakao upande wa Eringeti.

"Kumi na ine," alijibu.

"Ndani ao inje?"

"Ndani."

"Na kuni?"

Kanyere alitazama moto kati ya mafiga.

"Basi tufanye hivi. Uende kwa ile mashine, upulize wee wa kwanza. Siku utapuliza, miye nitakufuata, na ninatoka hapa. Ao unaogopa?"

Binti yako alivaa kitambaa chake akashuka kilima. Alirudi Beni siku ile ile, bila kula. Na kwa miezi mitatu hakupanda tena.

Tunasema hili kwa idhini yake, maana ndilo linalomwuma kuliko yote. Aliogopa, Mama. Alikuwa ametufundisha sisi wote juu ya moshi. Alikuwa amemgombeza Urbain, amemwaibisha Sadrack. Lakini kila asubuhi mwenyewe alikuwa anakohoa mara saba nane kabla ya kuwasha moto, na alijua. Asipopuliza, hakuna karatasi itakayosema. Asipopuliza, Baba anabaki kwenye moshi. Aliishi kati ya mambo hayo mawili kama mtu aliyekalia mwiba na hataki kusimama mbele ya watu.

Mmoja wa wateja wake ni Kapinga, muuguzi kutoka Kasai aliyetumwa Beni kikazi, mwanamke asiyezunguka maneno. Siku moja alikula bugali wake polepole huku akimfuata Kanyere kwa macho.

"Mama Kanyere," alimwambia, "unapanda mulima gani hapo, kati ya sufuria mbili?"

"Nimechoka tu."

"Nimekuhesabu. Mara ine umeshika meza. Sufuria ya bugali na ya samaki, kati yao kuko hatua tano."

"Wee ulikuja kula ao kuhesabu?"

"Nilikuja kula. Lakini nikikuzika, nitakula wapi?"

Walimu waliokuwa meza ya pili walicheka. Kanyere naye alicheka, akakohoa katikati ya kicheko, na kikohozi kikakataa kuisha. Kapinga aliacha kula. Alimletea maji, akamsimamia mpaka akamaliza.

Mwezi wa tisa tangu utuache, Yolande alimpigia simu. Hakumwambia habari. Alimwambia tu, "Yaya, dada yangu, sikiliza," akaweka simu karibu na Baba. Alikuwa anasali rozari. Salamu Maria moja, anasimama. Pumzi inapiga filimbi. Nusu ya nyingine, anasimama. Kanyere alisikiliza fumbo moja zima amesimama na mwiko mkononi, sombe ikiungua. Kisha alimwaga maji kwenye moto, akawaambia wateja leo hakuna chakula, akafunga mlango wa kibanda mchana, kitu ambacho hakuwa amekifanya hata siku za risasi.

Alipofika Bulengera, hakuvua hata viatu.

"Papa, uvae koti. Tunaenda."

"Wapi?"

"Nitapuliza."

Baba alimwangalia kama tunavyomwangalia mtu aliyerudi kutoka safari ndefu. Alivaa koti.

Tulikuwa tumejazana mlangoni kwa daktari Éliakim, hata mjomba Syauswa, aliyesema amekuja kuona tu kama mashine ni kitu cha Mungu. Wakambana Kanyere pua kwa kibanio, wakampa bomba mdomoni, na msaidizi akaanza kumhimiza kama watu wanavyomhimiza mama anayejifungua: vuta, jaza, sasa puliza, puliza, puliza, usiachie, bado, bado. Mara ya kwanza alikohoa. Mara ya pili aliishia njiani. Mara ya tatu alipuliza mpaka machozi yakatoka, na mjomba, bila kujua, alikuwa anapuliza pamoja naye, mashavu yamejaa.

Daktari alitazama mstari kwenye karatasi. "Imeanza," alisema. "Haijafika mbali. Lakini imeanza."

Binti yako hakulia. Alimgeukia Baba, akampa nafasi kwenye kiti. "Zamu yako."

Baba alipuliza. Mapafu yake yanafanya nusu ya kazi yake. Nusu, Mama. Daktari aliomba kiko. Baba alikitoa mfukoni polepole, akakiweka juu ya meza kama mtu anayesalimisha silaha, na hajakiulizia tena. Hatusemi kwamba hakitamani.

Alipotoka alikaa kwenye benchi la nje, jua likimpiga usoni.

"Kumbe hapana baridi ndiyo ilimuua," alisema.

"Hapana baridi, Papa."

"Mulango, miye ndiye nilikuwa ninafunga. Kila siku magaribi. Alikuwa ananiambia, Muyisa, acha kidogo. Nilikuwa ninamwambia, nakuchunga." Alitazama mikono yake ya matofali. "Nilikuwa ninamuchunga."

Kanyere alikaa karibu naye. Ilikuwa mara ya kwanza katika miezi tisa kumwona amekaa mahali na magoti yake hayatikisiki. "Sisi wote, Papa," alisema. "Tulikuwa wengi kwenye ule mulango."

Waliporudi nyumbani, mjomba Syauswa alitangulia, akajisimamisha mbele ya jiko. Akakumbusha kwamba mwaka haujatimia, na mafiga ni mafiga. Baba alimsikiliza mpaka mwisho, kwa heshima ya shemeji.

"Syauswa, desturi inakataza mafiga?"

"Ndiyo."

"Ilisema kitu juu ya gunia?"

Mjomba alifikiri. "Hapana."

"Juu ya udongo ya Urbain?"

"Hapana kusikia."

Basi Baba aliingia mwenyewe, akalivuta gunia la dirisha kwa mkono wake. Urbain alipanda ngazi ile ile na kubomoa alichoziba. Mafiga yako hatukuyagusa, Mama, na hakuna moto uliowashwa kati yake tangu siku ile. Tunapika nje, chini ya bati, kwa kuni zilizokauka. Mvua ikinyesha tunalowa, na tunazozana ni nani ashike mwavuli juu ya sufuria. Baba anakaa barazani na blanketi zako mbili. Anavuta pompe yake asubuhi na jioni. Kuna siku anamaliza rozari nzima, kuna siku hamalizi.

Kanyere ametoa ukuta mmoja wa malewa, upande wa upepo, na Kamate amemjengea jiko la matofali lenye bomba la kutolea moshi juu. Wateja wachache walilalamika kwamba sasa upepo unapoza bugali. Amewaambia wale haraka. Anakohoa bado. Atakohoa, daktari amesema. Hajatulia pia, na hatutamdanganya mtu kwamba ametulia. Lakini siku hizi, akiinuka mezani katikati ya chakula, ni kwenda kwa jirani mwenye mama anayekohoa, kumwuliza: amepika kwa kuni miaka mingapi, na dirisha lenu liko wapi.

Ninyi mnaotusoma kabla ya kufungua kurasa nyingine, hilo ndilo tunalowaomba mbele ya jina lake. Kama mna mama, bibi au mzee anayekohoa asubuhi mwezi baada ya mwezi, anayesimama kila hatua chache, msimkalishe karibu na moto. Msingoje awe mvuta sigara ndipo mshtuke. Mpelekeni apimwe. Akiwaambia mfungue, fungueni.

Jumamosi hii, baada ya misa ya asubuhi katika parokia yetu, tutakula pamoja nyumbani, na mwaka wako utafungwa kama wazee walivyoagiza. Kanyere hatapika. Ameombwa na daktari, na wadogo zake wa kiume wamemwapia. Watakaopika ni Urbain, Sadrack, Kamate na mjomba Syauswa, nje, mbele ya macho ya watu wote. Ni mara yao ya kwanza. Mjomba amekwisha kuuliza kama maharagi huoshwa kabla au baada ya kuiva. Njooni na subira. Kanyere atakuwa ameketi kwenye kiti upande upepo unakotoka, karibu na Baba, na tumekubaliana kwamba akiinuka, yeyote aliye karibu amrudishe.

Wanaokukumbuka ni mumeo Muyisa; watoto wako Kanyere na mumewe Kamate, Urbain, Yolande na Sadrack; kaka yako Syauswa; wajukuu wako Grady, Audrey na Jonathan; na watu wote wa kilima uliowalisha.

Hakuna siku itakayopita bila jina lako midomoni mwetu, Mama Jokébed, wala hatutanyamaza juu ya kitu kilichokuondoa.